Mwaka Niliokandwa

Siku ya tatu ya matanga ya mume wangu Faustin, binti yangu Imakulata alinikuta nyuma ya nyumba nimekaa kwenye kigoda, miguu yangu ndani ya karai la maji ya moto. Nilikuwa najipaka mafuta magotini bila haraka, goti moja kwanza, kisha la pili, na kando yangu kulikuwa na kikombe cha uji wa mtama. Ndani, wanawake wa parokia walikuwa wanaimba nyimbo za msiba na sebule ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Imakulata alishika kiuno. "Maman! Batu bamejaa mu salon banalia, na weye uko hapa unajipaka mafuta? Batasema nini?" Nikamjibu, "Wacha balie. Mi nilishalia asubui, na nitalia tena nikimaliza kunawa. Sogea kidogo, unanifungia jua." Aliondoka akitikisa kichwa, na nina hakika alikwenda moja kwa moja kumwambia dada yake kwamba mama amechanganyikiwa.

Sijachanganyikiwa. Watoto wangu wamekua wakiniona kila asubuhi nikijikanda, nikijipaka mafuta, nikinywa uji wangu nimekaa kitako kama mgeni wa heshima kabla sijagusa kazi yoyote, na siku zote wamedhani ni majivuno ya mwanamke aliyewahi kuwa mke wa karani. Nimewaacha wadhani hivyo. Mtu akikuita mwenye majivuno, angalau hakuombi ukafue nguo zake. Lakini aliyejua sababu yake alikuwa Faustin peke yake, na sasa Faustin yuko udongoni, na usiku wa kwanza baada ya kumzika niliona kwamba nisipoandika mimi hakuna atakayejua kulikuwa na mwaka ambao nusura nife, si kwa ugonjwa, bali kwa kujikatalia. Nilikuwa na umri ambao leo wajukuu wangu bado wanaombewa ada ya shule. Nilijiona mtu mzima kabisa.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, kabla watu hawajaanza kulitamka neno uhuru kwa sauti mjini Bukavu. Tulikaa Kadutu, katika moja ya zile nyumba za matofali zilizopangwa kwa mstari juu ya mlima, zote sura moja, hivi kwamba mlevi alihitaji kuhesabu milango ili afike kwake. Ilikuwa na sebule na vyumba viwili, na kuta zilizokoma kabla ya kufika kwenye mabati, kwa hiyo neno lililosemwa sebuleni lilipita juu na kukushukia kitandani. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka ziwani ukaingia mpaka ndani, na nguo ulizoanika jana ulizikuta zimelowa upya. Jiko lilikuwa nje, kibanda cha mabati chenye mbabula, yaani jiko la makaa. Sebuleni tulikuwa na meza, viti vinne, kitambaa cha meza nilichokifuma mwenyewe, na uma ambazo hatukuzitumia isipokuwa mtu anatutazama. Na sakafu. Lazima niiseme sakafu, kwa sababu niliipenda kuliko nilivyojipenda. Ilikuwa ya simenti, na kila Jumamosi niliipiga nta nyekundu kwa magoti, halafu nikaisugua kwa kitambaa cha sufu mpaka iwake, kama tulivyofundishwa kwenye foyer.

Foyer ilikuwa nyumba ambamo wake wa makarani walifundishwa kuwa wake wa makarani. Mama mmoja wa Kibelgiji, tuliyemwita Madame Foyer, alitufundisha kushona, kupiga pasi kola, kupanga meza, kupima kwa kiwiko maji ya kumwogesha mtoto. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho ya kuchoka na alicheka kwa urahisi. Lakini alipita majumbani kutazama, naye alikuwa na mazoea ya kupitisha kidole juu ya kabati, na kidole kile kilinitawala usingizini. Zaidi ya hapo, Faustin alikuwa ameomba ile karte ambayo serikali iliwapa Waafrika wachache waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Kabla ya kuipata, watu wa tume walikuja nyumbani kwako kukukagua: kitanda, choo, meza, vitabu, na mke. Nitasema mapema ili msomaji asikae akisubiri: hatukuipata mwaka ule wala mwaka uliofuata, na baada ya hapo hakukuwa na wa kuitoa. Leo sijui hata ilikuwa na rangi gani. Wakati ule ningeuza jino langu kwa ajili yake.

Mimba yangu ya kwanza ilipofika mwezi wake, mama mkwe wangu alitelemka kutoka Miti juu ya lori la ndizi. Watu walimwita Mama Fositini, kwa jina la mtoto wake, ndiye mume wangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye kuvuta kiko na kusema maneno machache kana kwamba yanakatwa kwenye mshahara. Nilimwogopa. Alikuja na kuku jike, kibuyu cha samli ya ng'ombe, unga wa mtama, na mafungu ya ndizi, vyote kwa ajili ya uzazi wangu, maana katika nyumba tulizotoka mwanamke akijifungua hafanyi kazi. Anafungiwa chumbani majuma kadhaa. Anakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, anafungwa tumbo kwa kitambaa, anapakwa samli kutoka utosini mpaka nyayo, anakula cha moto na kunywa cha moto, na majirani wanaleta kuni. Anatoka siku moja amenenepa, anang'aa, na mtoto mkononi, na watu wanampigia vigelegele. Mama mkwe alikiweka kibuyu chini ya kitanda changu, akamfunga kuku mguu kwenye nguzo ya jiko, akakaa kusubiri.

Mtoto alizaliwa hospitalini, kimya. Sitaeleza zaidi, kwa sababu sijui zaidi. Waliokuwa karibu nami waliona ni huruma kunigeuza uso ukutani, na nilipogeuka alikuwa ameshafungwa kitambaa na kupelekwa; nilisikia tu kwamba alikuwa mwanaume. Faustin ndiye aliyekwenda kumzika, pamoja na jirani mmoja fundi mwashi. Nilirudi nyumbani kwa miguu yangu, polepole, nikimshika mama mkwe begani, na nilikuta mtu ameshaondoa nepi nilizozipindia mishono kwenye foyer. Faustin alirudi na udongo kwenye viatu vyake vya kazi. Alivifuta mlangoni, akaingia, akauliza kama kuna chai. Kuanzia siku hiyo hakumtaja mtoto, nami sikumtaja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo wasemavyo, lakini sikujua kama mimi ni mzazi. Hilo ndilo lililonila ndani. Mzazi wa nani?

Jioni ile ile alikuja Rozali, shangazi yake Faustin, aliyekaa mtaa wa chini na aliyejua kila desturi na adhabu yake. Nilikuwa kitandani, mlango umefungwa, na maneno yakapita juu ya ukuta kama kawaida. "Wifi, ile kuku utaipeleka Miti siku gani?" aliuliza. Mama mkwe akasema kuku haiendi Miti. "Haiendi? Na utaipikia nani? Mutoto hakuna. Mwanamuke mwenye hakuna mutoto, unamukandia nini? Batu batacheka. Miye nilizikaka batoto babili, na asubui yake nilikuwa ku shamba." Nikasikia kiko kikigongwa kwenye mguu wa kiti, jivu likianguka kwenye sakafu yangu, na hata katika hali ile nilikereka. Kisha mama mkwe akasema, "Mwili haujue kama mutoto alikufa. Mwili unajua tu kama ulizaa. Maziwa itakuya kesho, utaona." Shangazi akasema anamharibu mkwe wake, kwamba mwanamke akibembelezwa bila sababu hatazaa tena. "Basi asizae," mama mkwe akajibu, "lakini apone." Nilijifunika shuka kichwani. Nilikuwa upande wa shangazi.

Maziwa yalikuja kweli, kama alivyosema. Sitasahau fedheha ile, blauzi imelowa na hakuna wa kuyanywa. Asubuhi mama mkwe aliingia na karai linafuka, kitambaa begani, akafunga mlango kwa kisigino. Nikamwambia, "Hapana, maman. Miye siko na mutoto." Alinivua nguo kama mtu anayemenya ndizi iliyoiva, akachovya kitambaa, akakikamua, na akaniwekea mgongoni. Maji yalikuwa ya moto kweli, yale ya uzazi, si ya kuogea. Alianza kiunoni akashuka, akarudi juu, akikandamiza kwa viganja viwili na uzito wake wote mdogo, na kila alipokandamiza alitoa pumzi puani. Akanifunga kifua kwa kitambaa, akanifunga tumbo kwa kingine mpaka nikasimama wima kama mlingoti wa bendera, akanipaka samli. Chumba kizima kilinuka ng'ombe. Kisha akaleta uji, akauweka kwenye kigoda, akatoka. Mgonjwa haulizwi uji, na yeye hakuniuliza. Lakini kuletewa ni jambo moja na kumeza ni jingine. Niliutazama uji ule mpaka ukaota ngozi juu, halafu nikausukuma chini ya kitanda.

Ndivyo zilivyopita siku hizo. Alinikanda, nikakubali kukandwa kwa sababu sikuwa na nguvu za kupigana. Alinipikia, nikala vijiko viwili kwa heshima na kuacha. Yule kuku alichinjwa, mchuzi wake ukaletwa kwenye bakuli la maua, na Faustin alikula karibu wote. Sikuwa nakataa kwa hasira. Niliona tu kwamba chakula kile ni cha mama wa mtoto, na kukila ni kuiba. Niliona kila tonge la bugali kama ushahidi wa uongo. Nimekutana na wanawake wengi tangu hapo, wengine wasomi wakubwa, wanaojinyima usingizi na chakula na hata kukaa kitako kwa sababu wanahisi hawajastahili, na ninapowaona hivyo natamani kuwavua viatu na kuwaogesha papo hapo. Wakati ule ningemfukuza ambaye angeniambia hivyo. Mama mkwe aliokota bakuli, akalitazama, akanitazama. "Unataka kumufuata?" aliuliza. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza kama unakwenda sokoni. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia, naye akatoka akafunga mlango taratibu.

Halafu Faustin akaleta habari: tume itakuja Alhamisi. Alisimama mlangoni akivua kofia yake, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, akasema labda angeweza kuomba waahirishe, lakini makarani wenzake walimwambia anayeahirisha harudishwi tena kwenye orodha. "Uko namna gani, Agnès?" aliuliza. Nikasema niko vizuri. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa chini akichambua mboga ya lengalenga, hakuinua kichwa. "Ile karte ndiyo itamukanda bibi yako?" Faustin akaona haya, akaenda kazini. Mimi lakini nilipata uhai wa ghafla. Hapa palikuwa na kitu ninachoweza kukifanya vizuri. Kama nimeshindwa kuzaa, basi sakafu haitanishinda. Nilingoja mama mkwe aende sokoni na kikapu chake, nikafungua kile kitambaa cha tumbo kwa sababu kilinizuia kuinama, nikachukua kopo la nta nyekundu na kitambaa cha sufu, nikapiga magoti kwenye pembe ya sebule.

Nilisugua vizuri, nisijidharau. Nilianzia dirishani nikarudi nyuma, na kila sehemu niliyomaliza iliwaka mpaka niliona kivuli cha meza ndani yake. Nilihisi joto likishuka mapajani nikalipuuza. Nilihisi kizunguzungu nikajiambia ni harufu ya nta. Kuna furaha moja mbaya sana, furaha ya kujiumiza huku watu wakikusifia bidii, na nilikuwa ndani yake kabisa, nikimwona Madame Foyer akipitisha kidole chake na kukikuta safi. Nilifika nusu ya chumba. Baadaye mama mkwe aliniambia kwamba alinikuta nimelala ubavu, shavu kwenye simenti, na kwamba mwanzoni hakutofautisha nta na damu. Hakupiga kelele. Alimwita mke wa fundi mwashi, wakanibeba, wakaniinua miguu juu ya mto, na mke wa fundi akakimbia kumwita muuguzi aliyekaa mtaani kwetu. Muuguzi alinidunga sindano, akasema nisitoke kitandani, kwamba nikiamka tena kabla ya wakati hatakuwa na la kufanya. Alisema hivyo mbele yangu, kwa Kiswahili, ili nisikie.

Kesho yake mama mkwe hakuleta karai tu. Alileta kibuyu cha samli akakiweka mapajani mwangu. "Leo utajipaka weye mwenyewe." Nikapaka mikono. Nikapaka miguu, shingo, uso. Akanyoosha kidole. "Na tumbo." Nikasema tumbo apake yeye. Ukweli ni kwamba sikuwa nimeligusa tangu siku ile. Niliponawa niliruka kutoka kifuani mpaka mapajani, kama mtu anayepita mbali na nyumba ya jirani aliyegombana naye. Akasema hapana. Akakaa chini, mgongo kwenye ukuta, akawasha kiko chake, kana kwamba ana siku nzima. "Hii tumbo haiko adui yako," alisema. "Ilibeba miezi yote. Ilifanya kazi yake. Utaipiga mateke juu ya nini?" Nikawa nalia. Aliniacha nilie, akavuta moshi, kisha akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema kwa wakati mmoja. "Miye nilizaaka batatu benye habakulia. Kabla ya Fositini. Hakuna mutu alinitiaka maji. Mama mukwe wangu alinipa jembe. Nililima, nikasema niko mwanamuke ya nguvu, batu bakanisifu. Mpaka leo nikiinama, mugongo unanikumbusha majina yabo. Nilibapatia majina, peke yangu, ku shamba." Akagonga kiko. "Paka mafuta, mutoto wangu. Baridi itaingia."

Nilipaka. Tumbo lilikuwa laini na legevu, bado la moto kutokana na maji. Sikusema kitu cha maana. Nilisema "pole", kama unavyomwambia mtu aliyejikwaa barabarani, nikazungusha mkono, nikasema "pole" tena. Mama mkwe alitazama pembeni kwa adabu. Hayo ndiyo ninayoyafanya mpaka leo kila asubuhi, na ndiyo Imakulata aliyoyaona nyuma ya nyumba. Si dawa wala si anasa. Najipa pole kabla dunia haijaanza kunidai. Lakini wakati ule niliyafanya kwa utiifu tu, na bado chakula kilinikwama. Niliuonja uji, nikashukuru, nikauweka chini. Mama mkwe aliuchukua, nikaona mabega yake yamelegea, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba anaogopa.

Alhamisi ilifika na sebule yetu ikiwa nusu inawaka na nusu imefifia, na mstari katikati ulionyooka kama mpaka wa koloni mbili. Faustin alitaka kumalizia mwenyewe asubuhi, mama yake akamwambia, "Wacha vile. Baone kama kuko mugonjwa." Faustin alivaa suruali yake iliyopigwa pasi, akapanga uma kwenye meza, akasimama. Mimi nilikuwa chumbani, nimelala, mama mkwe kwenye kigoda kando yangu. Tukasikia gari likizima injini chini ya mlima, kisha hatua. Alikuwa mzungu mmoja wa utawala, aliyesema Kiswahili kama watu wa ofisini, na Madame Foyer pamoja naye. Walisalimia. Waliuliza mshahara, waliuliza vitabu, waliuliza kama tunakula mezani sisi wawili pamoja. Faustin alijibu vizuri, kwa Kifaransa chake kilichonyooka. Sauti ya Madame Foyer ilisema jambo kuhusu kitambaa cha meza, kwa wema. Nikasikia kiti kikiburutwa. Kisha yule mzungu akauliza, kwa Kiswahili, labda ili kulegeza mambo, "Na watoto? Muko nao wangapi?"

"Bado, Monsieur," Faustin akasema. "Bado hatuna."

Sijui nani aliyeninyanyua. Muuguzi alikuwa amenikataza, na mimi si mtu wa kubishana na sindano. Mama mkwe aliweka mkono kunizuia, akanitazama usoni, halafu mkono ule ule ukageuka ukanishika kiwiko. Tulikwenda polepole, hatua za vikongwe wawili, mpaka kwenye mlango wa chumba. Nilikuwa nimejifunga kitenge, tumbo limekazwa kwa kitambaa, miguu mitupu, uso unang'aa samli na nanuka ng'ombe, mimi niliyekuwa na gauni la kitambaa cheupe na viatu vya kisigino nilivyoviweka kwa ajili ya siku ile ile. Wote watatu waligeuka. Nikasema, "Tuko na mumoja. Nilimuzaa mwezi huu. Mwanaume. Alikufa." Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini haikukatika. Yule mzungu alishusha kalamu yake. Madame Foyer alikuja akanishika mkono uliojaa mafuta, hakuutazama, akasema, "Agnès, rudi ulale. Rudi ulale sasa hivi." Na alipopita pale kwenye sakafu, pale ambapo nta iliishia, aliinua mguu akauvuka mstari, kwa uangalifu, kana kwamba kuna mtu amelala pale. Hawakukaa tena. Waliaga kwa sauti za chini, na gari likawaka.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha sebuleni, kwa sababu kitanda kilikuwa mbali. Faustin alibaki amesimama kando ya meza na mgongo wake kwetu. Nilijua nimeiua karte yake. Nilingoja aseme. Aliokota uma moja akaiweka sawa na nyingine, akaivuruga, akaiweka sawa tena. Mama mkwe alikuwa mlangoni, kiko kimezimika mdomoni. Kisha Faustin akasema, bila kugeuka, si kwa Kifaransa wala kwa kile Kiswahili chake cha ofisini, bali kwa ile sauti ya Miti aliyokuja nayo mjini, "Alikuwaka na nywele mingi."

Sikuelewa. Nikasema, "Nani?"

"Mutoto." Akageuka. Uso wake ulikuwa umelowa wote, na sijui ulianza kulowa lini. "Nilifungua kitambaa kule juu ku makaburi. Balinikataza, nikafungua. Alikuwaka na nywele mingi, nyeusi, mpaka hapa ku shingo. Na vidole vyake virefu sawa vyako. Nikasema, huyu angekuwa karani. Nikamufunika tena vizuri. Nilimufunika na shati yangu, Agnès, hakusikia baridi." Akakaa kwenye sakafu, kwenye ile nusu iliyofifia, na suruali yake ya pasi, akaweka kichwa kwenye magoti yangu akalia kama watu wanavyolia, kwa kelele. Nikaweka mkono kichwani pake. Nywele nyingi, nyeusi. Niliweza kumwona sasa. Nilimwona mtoto wangu mzima, kuanzia kichwani mpaka vidoleni, na hakuwa tena kitu kilichofungwa kitambaa.

Tulikaa hivyo muda mrefu. Nje mke wa fundi mwashi alikuwa anatwanga sombe, na harufu ya majani mabichi ya muhogo ikaingia, pamoja na harufu ya mbabula, na kitu fulani tumboni mwangu kikajivuta, kikauma kidogo, nikashtuka nikidhani ni damu tena. Haikuwa damu. Nilimtazama mama mkwe pale mlangoni.

"Maman," nikamwambia, "nasikia njaa."